Mwandishi: Hajulikani

Kisanduku kilikuwa na nyota nyekundu pembeni.

Ukiona nyota nyekundu kwenye fomu ya kompyuta, ujue huruki. Usipojaza, ukurasa haukuachii. Ilikuwa Jumanne, saa kumi jioni, nimebakiza makala moja tu nizime mashine niwahi basi, na kisanduku kinaniuliza: Mwandishi?

Mbele yangu kulikuwa na gazeti la kurasa 8 la mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gazeti la mtaa, la Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko walioliokota neno la kutukaniwa wakalivaa kama kilemba. Jina la gazeti sitalitaja, na mbele ya safari utaelewa kwa nini. Kibarua changu, saa 15 kwa wiki katika maktaba ya chuo huku Marekani, ni kuskani kurasa hizo na kujaza taarifa zake ili mtu akitafuta azipate.

Makala yenyewe ilikuwa fupi, haifiki nusu ukurasa. Mama mmoja kaitwa shuleni kwa sababu mwanawe kachapwa, kosa lake kuongea Kihispania uwanjani wakati wa mapumziko. Mama kafika, kamwambia mwalimu mkuu maneno yake yote kwa Kihispania hichohicho, kwamba yeye ana miaka ishirini katika mji huu na hajawahi kupigwa kwa kuongea. Halafu kavuta kiti, kakaa, kagoma kuondoka mpaka aletwe mtu wa kumfasiria. Zikapita saa mbili. Mwisho akaletwa mfagiaji wa shule.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikatafuta jina la aliyeandika. Juu hakuna. Chini hakuna. Ukurasa wa mwisho, pale magazeti yanapopanga majina ya wahusika, kuna sanduku la posta, bei, na mstari mmoja unaosema gazeti hili ni kazi ya watu wote.

Watu wote hawaenei kwenye kisanduku.

Nikaandika: Hajulikani. Nyota ikatoweka, nikazima, nikawahi basi. Tulipofika kama kituo cha tatu hivi, neno lile likaanza kunikera.

Hajulikani kwa nani?

Fomu ni ya Kiingereza. Lakini mimi kichwani naijaza kwa Kiswahili, na nadhani ndiyo maana yamenikuta haya. Neno lao lilikuwa limefunika kitu, langu likakifunua.

Kuna hajulikani. Kuna hajatajwa. Kuna hakujitaja, na kuna hakutaka kutajwa. Mtu mmoja anaweza kuwa hayo yote kwa mpigo, na kila moja ni kesi yake. Aliyeandika habari ya mama na kiti hakuwa mtu asiyejulikana hata kidogo. Alijulikana na mwenye duka aliyeliweka gazeti kaunta karibu na mkate. Alijulikana na yule mama. Pengine mwalimu mkuu naye alimjua vizuri kuliko alivyopenda. Asiyemjua ni mimi, mtoto wa Tanga, niliyezaliwa wino umeshakauka zamani, halafu ujinga wangu nimemwandikia yeye kama sifa yake.

Na kwetu maneno hayo yana harufu. "Watu wasiojulikana" si watu ambao ungependa kusikia wamepita mtaani kwenu usiku. Mimi nimemtia mtoto wa watu katika kundi hilo kwa sababu ya basi.

Kesho yake nikamwuliza msimamizi wangu kama naweza kukiacha kisanduku wazi. Programu haikubali, akasema. Je, naweza kuandika "Hakujitaja"? Akacheka kwa upole. Machaguo ni mawili, jina au lile neno. Hana ubaya, msimamizi wangu. Naye kaikuta orodha imeshapangwa.

Kiwimbi

Wiki ya pili nikaona kitu.

Kihispania kina herufi ñ, ile n yenye kiwimbi juu, inayosomeka kama ny yetu ya nyanya. Taipureta za Kiingereza hazikuwa nayo. Kwa hiyo mpigaji aliyekuwa na mashine ya kawaida alipiga n kavu, akamaliza ukurasa, kisha akashika kalamu na kuurudia mstari kwa mstari, akichora viwimbi kwa mkono juu ya kila n iliyostahili. Sisi tuna ritifaa ya ng'ombe, lakini ukiisahau, ng'ombe ataeleweka tu. Kwao, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye kwa aibu, mambo hayaendi hivyo.

Kwa macho ya kawaida huvioni. Ukiikuza picha mara nne vinajitokeza, kila kimoja na mwendo wake. Vya makala ile vilianzia chini, vikapanda, vikakatika ghafla, kama mwandiko wa mtu aliyeitwa jikoni kabla hajamaliza.

Nikakumbuka nimewahi kuona vingine kama hivyo.

Nikarudi kwenye matoleo niliyokwisha kuyafunga. Tangazo la kuuza tamales, chakula cha Kimeksiko cha unga wa mahindi, kuchangia dhamana ya vijana waliokamatwa: viwimbi vilevile. Barua kwa kampuni ya mabasi iliyofuta kituo karibu na zahanati: vilevile. Maelezo ya mpangaji afanye nini mwenye nyumba akikata maji: vilevile. Kufikia Ijumaa nilikuwa na makala 11 kwenye karatasi pembeni ya kompyuta, na juu yake nimeandika kichwa: Mwenye Kiwimbi.

Nikaanza kumpenda, sifichi. Nilimjua ana haraka, ana dhihaka, na hapendi sentensi ndefu. Na kila jioni niliendelea kumwandika Hajulikani, mara 11, kwa mkono wangu.

Gazeti la kufungia maandazi

Nieleze kwa nini magazeti haya yapo kabisa, maana kwetu gazeti la jana lina kazi zake. Linafungia maandazi. Linasokotwa pembe la karanga. Bibi yangu aliyabandika ukutani kuzuia vumbi la udongo, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimelala, tangazo la baiskeli upande huu, tanzia ya mtu nisiyemjua upande ule. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoambiwa ninawe mikono kabla ya kushika gazeti la mtaa, nilidhani natahiniwa.

Lakini yashike utaelewa. Karatasi ya magazeti ni mti uliosagwa, na ndani yake hubaki lignini, ile gundi inayoufanya mti usimame. Hewa na mwanga vikiipata, karatasi inageuka rangi ya chai ya maziwa, asidi inaitafuna, na siku moja unaikunja inavunjika kama biskuti. Kila ninapomaliza ukurasa mezani hubaki makombo. Nayafuta kwa kiganja, na kila mara naona kama nimefuta herufi.

Waliokuwa wa kwanza kuyaokota hawakuwa wakutubi wenye glavu. Walikuwa wanafunzi. Mwaka 1969, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Wachicano walianza maktaba yao ya masomo ya Kichicano, wakakusanya magazeti na majarida ambayo maktaba kubwa haikuyaona kuwa mali. Mwaka huohuo wenzao wa UCLA, chuo hichohicho upande wa Los Angeles, wakapata kituo chao cha utafiti, na mwaka 1974 Austin, Texas, nao wakaanzisha programu yao ndani ya chuo. Baadaye kurasa zikaanza kupigwa picha za mikrofilamu.

Kuna jambo moja katika historia hiyo lililonifanya niweke kalamu chini. Wakutubi wa Berkeley, miongoni mwao Richard Chabrán na Francisco García-Ayvens, walipotaka kuyapanga majarida hayo kwa mada, waliona orodha rasmi ya mada inayotumiwa na maktaba za Marekani haina maneno ya kuyaelezea mambo yao. Wakatunga orodha yao wenyewe ya maneno, na mwaka 1981 faharasa ya majarida ya Kichicano ikachapishwa.

Yaani kisanduku kiliwakataa na wao. Tofauti ni kwamba wao walitengeneza kingine, mimi nikawahi basi.

Bei ya jina

Swali lililofuata lilikuwa jepesi kuuliza: kwa nini hawakusaini?

Gazeti maarufu kuliko yote, La Raza, lilianza mwaka 1967 katika chumba cha chini cha kanisa la Epiphany, Lincoln Heights, Los Angeles. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya jiji walitoka madarasani wakitaka, pamoja na mengine, wasiadhibiwe tena kwa kuongea Kihispania. Baada ya miezi michache watu 13 wakashtakiwa kwa kula njama. Ndani yake alikuwamo mwalimu Sal Castro, na walikuwamo watu wa La Raza: Eliezer Risco na Joe Razo. Mahakama ya rufaa iliyatupa mashtaka hayo mwaka 1970, lakini hiyo ni miaka miwili ya kulala ukiwaza jela. Ukiwa mpigaji taipu wa gazeti jirani, na una kazi ya mchana kiwandani, utaandika jina lako chini ya makala?

Wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walikuwa wameshapata ujanja wao. Gazeti la chama chao, lililoanza Delano, California, mwishoni mwa 1964 chini ya Cesar Chavez, liliitwa El Malcriado: mtoto asiye na adabu. Katuni zake, alizochora Andy Zermeño, zilikuwa na Don Sotaco, kibarua mfupi anayeonewa na kila mtu, na Patroncito, bwana shamba mwenye kitambi, na Don Coyote, nyapara mkonda mwenye meno. Nadhani hilo jina lilikuwa na kazi. Gazeti likishajiita mtovu wa adabu, mtu mmoja mmoja hana haja ya kuwa. Ufedhuli umebebwa na kichwa cha habari, yeye kesho alfajiri anapanda lori kwenda kuchuma.

Na bei ya jina haikutozwa na polisi tu.

Mwaka 1971 wanawake wa chuo kikuu cha jimbo huko Long Beach, mmoja wao Anna NietoGomez, walitoa gazeti lao, Hijas de Cuauhtémoc. Waliandika juu ya ubaguzi, na waliandika pia juu ya wanaume wa harakati zao wenyewe. Baadhi ya wenzao wakajibu kwa mazishi ya dhihaka hapo chuoni, na makaburi ya bandia yenye majina ya wanawake hao.

Nilipofika hapo nikatembea kidogo nje. Ndugu zako unaoandamana nao wanakuchorea kaburi.

Basi kutosaini kulikuwa na akili. Kulikuwa hata na alama yake. Vijana wa mitaa ile walipoandika ukutani walimalizia na c/s, con safos, maana yake takribani: ukilichafua hili litakurudia mwenyewe. Wachoraji na washairi wakaichukua, na mwaka 1968 likatoka jarida la Los Angeles lenye jina hilo, Con Safos. Mswahili hahitaji kamusi hapo. Ni zindiko. Unaweka kwenye kizingiti, unakwenda zako, atakayeingia kwa ubaya shauri yake.

Nikasema basi, nimepata jibu. Wamezindika. Mimi ni nani wa kuzindua?

Wiki ya nne hiyo. Nililala vizuri siku tatu.

Silver Dollar

Tarehe 29 Agosti 1970 watu kati ya 20,000 na 30,000 waliandamana mashariki ya Los Angeles kupinga vita vya Vietnam, ambako vijana wao walikuwa wakifa. Polisi wakavamia mkutano kwenye bustani ya Laguna. Alasiri, katika barabara ya Whittier, Rubén Salazar, mwandishi wa safu wa Los Angeles Times na mkurugenzi wa habari wa televisheni ya KMEX, alikuwa ameketi ndani ya baa ya Silver Dollar. Askari wa kaunti akafyatua bomu la machozi ndani kupitia mlangoni. Likampiga Salazar kichwani, akafa palepale. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Raul Ruiz wa La Raza na kamera yake. Picha yake inaonyesha askari nje ya baa, silaha imeelekezwa mlangoni. Uchunguzi wa kifo uliporushwa kwenye televisheni, Ruiz alikwenda kutoa ushahidi, na picha zake zikabishaniwa mbele ya watu.

Sasa niambie picha ile ingekuwa na "Hajulikani" chini yake.

Shahidi asiye na jina si shahidi. Wakili angeitupa asubuhi ya kwanza. Kulikuwa na siku ambazo mtu alilazimika kusimama na kusema ni mimi, nilikuwa pale, nilibonyeza kidole hiki, na ndiyo maana leo tunajua kilichotokea mlangoni.

Nikarudi kwenye orodha yangu ya Mwenye Kiwimbi nikiwa na shaka mpya, mbaya kuliko ya kwanza. La Raza iliacha picha karibu 25,000, sasa ziko UCLA. Zilipokuwa zinachapishwa, wapiga picha hawakutajwa mmoja mmoja. Zilikuwa mali ya wote. Safi. Lakini miaka imepita, na kutotajwa hakukuwapunguzia wote sawasawa. Viongozi walitajwa na mashtaka, wakatajwa na televisheni, wakatajwa na vitabu. Aliyebaki ndani ya "watu wote" ni nani? Ni aliyekata karatasi na kubandika gundi. Aliyejua anwani za wanaopelekewa gazeti kwa kichwa. Aliyechora viwimbi saa sita usiku.

Kwa hiyo pengine nilikuwa naliheshimu zindiko la mtu ambaye hakuzindika chochote. Alisahauliwa tu.

Robo dola

Jumapili moja nilikuwa kwenye mashine za kufulia za kulipia, zile zinazokula sarafu za senti 25. Natumbukiza moja baada ya nyingine bila kuangalia, mara mkononi ikabaki moja yenye mwanamke badala ya ndege. Nikaisogeza kwenye mwanga.

Jovita Idar. Mwalimu na mwandishi wa Laredo, Texas, mpakani kabisa, kabla ya neno Chicano halijapata heshima. Mwaka 1914 askari wa Texas Rangers walipokuja kufunga gazeti la El Progreso alilokuwa akiandikia, alisimama mlangoni akawazuia. Walirudi baadaye wakavunja mitambo. Serikali ileile iliyokuwa ikiwalipa wenzao wa namna hiyo imemweka kwenye sarafu tangu 2023. Serikali nazo zina ucheshi wake. Sawa, Rangers walikuwa wa jimbo, sarafu ni ya taifa, usinisahihishe.

Kilichonishika ni maandishi. Mwili wake kwenye sarafu umejazwa maneno badala ya nguo: majina ya magazeti, kazi alizofanya, jina lake. Na katikati ya hayo, Astrea.

Astrea lilikuwa jina lake la kalamu. Alikuwa na lingine, A. V. Negra, ambalo ukilitamka haraka kwa Kihispania unapata ndege mweusi. Kwenye gazeti la familia yake alijificha nyuma ya majina hayo, na sasa jina la kujifichia na jina la kuzaliwa wamekaa pamoja kifuani pake, hakuna lililofuta mwenzake.

Mashine ilikuwa inadai senti 25 za mwisho. Nikamwomba jirani anibadilishie.

Doña

Maktaba yetu ina Alhamisi moja kwa mwezi ambapo wazee wa mji wanaalikwa kutazama picha na kurasa, watusaidie kutambua sura na mitaa. Nitamwita Doña tu, yaani Bi, kwa heshima. Ni mfupi, miwani ameifunga kamba ya shanga. Nilitamani kumpa shikamoo. Kihispania hakina, nikampa mikono yote miwili.

"Wa wapi, mija?"

Mija ni mi hija iliyokatwa, mwanangu. Nikamwambia Tanzania.

"Mbali. Nani anakupikia?"

Nikamwekea kurasa mezani, na kati ya kurasa hizo, si kwa bahati, nikachomeka chapa ya makala ya mama na kiti. Akaisoma midomo ikicheza. Akaanza kucheka kabla ya kufika mwisho, kisha akafika mahali akanyamaza, akaivuta miwani, akasema neno ambalo sidhani linasemwa kanisani.

"Hii ni mimi," akasema.

Moyo ukanipasuka. Wiki sita. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeandika?"

"Hapana. Mimi nilipiga taipu."

"Nani aliandika?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani alipika pilau la harusi. Yule mama alikuja ofisini mwenyewe, akasema, akasimulia amesimama, hajavua hata koti. Mvulana mmoja akawa anaandika nyuma ya bahasha. Bahasha ikapotea. Usiku yeye Doña akapiga alichokumbuka. Dada yake akasoma, akafuta sentensi zote ndefu, akaongeza kiti.

"Akaongeza kiti?"

"Hakukaa, mija. Alisimama saa mbili zote. Dada yangu akasema akikaa inachekesha zaidi."

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimekipenda kile kiti. Nilikuwa nimemwona mama akikivuta, miguu yake ikikwaruza sakafu. Na mimi, mwenye uchungu na neno moja kwenye fomu, nimekwisha kuandika katika muhtasari, kwa faida ya watafiti wa dunia nzima, kwamba mzazi alikaa.

Nikamweleza habari ya kisanduku. Nikamwambia naweza kuandika jina lake, au la dada yake, au yote mawili. Nitapambana na programu. Akafikiri. Dada yake ana mjukuu polisi, akasema, na shemeji wa mwalimu mkuu yule bado wanasali naye. Nimwulize mwenyewe. Yuko Fresno, ila hasikii kwenye simu.

"Na wewe je? Wewe mwenyewe ungependa niandikeje?"

Hakujibu. Kidole chake kilikuwa kimerudi kwenye mstari uleule uliomnyamazisha, pale mama anapomwambia mwalimu mkuu kwamba ana miaka ishirini katika mji huu.

"Soma hapa."

Nikasoma: *veinte anos*.

"Años ni miaka," akasema. "Bila kiwimbi..." Akaegemea, akaninong'oneza bila kiwimbi ni nini. Nami kwa heshima ya wasomaji nitasema tu kwamba ni kiungo tunachokalia, na hasa ule mlango wake, na kwamba yule mama, mbele ya mtaa mzima na nakala zote zilizouzwa, alitangaza kuwa nayo ishirini.

"Padri alinikumbusha kila Pasaka mpaka anakufa," akasema Doña. "Una kalamu?"

Kalamu za wino haziruhusiwi chumba kile. Nikampa penseli. Akaivuta chapa karibu, akaweka kiganja juu ya karatasi isiteleze, akachora. Kilianzia chini, kikapanda, kikakatika ghafla.

Akaipuliza karatasi kana kwamba ilikuwa na wino, akanisogezea.

"Haya. Piga picha hii."